Moyo kwa Sauti Nne

Nilipokuwa kidato cha tatu, kwaya yetu ya shule pale Ifakara ilikuwa na besi mmoja tu wa kweli. Wavulana wengine waliosimama naye walikuwa wakijikamua koo tu, wananguruma kama baiskeli yenye mnyororo mkavu. Yeye alitoka Masagati, huko mbele ya Mlimba, akapanga chumba Lipangalala jirani na kwa shangazi yangu nilikokuwa nikikaa. Akishusha ile sauti yake, benchi ulilokalia linatetemeka. Mimi nilikuwa kiongozi wa sauti ya pili, na mdomo wangu haukuwa na breki, lakini mbele ya sauti ile nilikuwa mpole.

Shida yake ilikuwa baiolojia. Mwalimu wa somo hilo ndiye alikuwa pia mwalimu wa taaluma, mtu wa kutoka mikoa ya kaskazini, shati lake limenyooka hata siku za tope. Kwaya aliiona ni ugonjwa unaokula akili za watoto. Tulipopata taarifa kwamba kutakuwa na mashindano ya kwaya za shule mjini Morogoro, alisimama mstarini asubuhi akatangaza: mwanakwaya mmoja tu wa kidato cha tatu akifeli baiolojia mtihani wa nusu mwaka, kwaya nzima haiendi. Vichwa vyote viligeuka kumtazama besi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mimi sikukubali. Nilikuwa sijawahi kuiona Morogoro, na nilijua kabisa kwamba tukifika tunashinda.

Jumamosi nikaenda nyumbani Michenga kumsaidia mama kuamia. Mpunga ukianza kukomaa, watoto wa bonde letu tunapanda kwenye madungu, vile vichanja virefu vya katikati ya shamba, kufukuza ndege. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kundi likiinuka, aliye dungu la mwanzo anapaza sauti kwa kuimba, wa dungu linalofuata anaipokea, na wa mbele yake naye anaipokea, mpaka ndege wanakosa pa kutua. Ukiitwa, unaitika. Ukinyamaza wanatua kwako, na jioni mama ana maneno. Nikiwa huko juu, daftari la baiolojia magotini, ndipo nilipoona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote: moyo una vyumba vinne, na sisi tuna sauti nne. Nilipiga ukelele wa furaha mpaka mama akauliza kama nimeona nyoka.

Jumatatu baada ya masomo nikawapanga. Sauti ya kwanza walipokea damu iliyochoka kwenye chumba cha juu kulia, wakawashushia wa sauti ya tatu waliokuwa chini yao. Hao wakaituma mapafuni, na hapo kwaya nzima tukavuta pumzi kwa pamoja. Ikarudi kwetu sauti ya pili, juu kushoto, nasi tukamkabidhi besi, naye akaisukuma mwili mzima mpaka ikarudi tena kwa sauti ya kwanza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza cha kitabuni, lakini mtindo ulikuwa wa kuamia: huyu anarusha, yule anadaka. Besi, ambaye tangu shule ifunguliwe alikuwa anachanganya kila mshipa, haikupita wiki nikamsikia anauimba moyo mzima huku anafua soksi.

Siku ya mtihani swali la kwanza likawa moyo. Nilitamani kucheka kwa sauti. Tukainama, kalamu zikaanza kukimbia. Baadaye kidogo, nyuma yangu, nikamsikia besi anaguna kipande chake kwa chini, bila kujijua. Alikuwa amekwama, anatafuta njia.

Watoto wa mahali pengine wangekaa kimya. Humo ndani tulikaa watoto wa mpunga. Upande wa dirishani mtu wa sauti ya kwanza akaitika. Sauti ya tatu wakapokea. Na mimi, Mungu anisamehe, nikavuta pumzi ya mapafuni kwa nguvu zangu zote nikaingia. Tulipokuja kushtuka, chumba cha mtihani kilikuwa kinavuma.

"Kalamu chini!" Hasira ilimsahaulisha mwalimu hata Kiingereza chake cha darasani. "Mnapeana majibu kwa nyimbo! Wote sifuri! Morogoro mtaisikia redioni!"

Nikasimama. Mwalimu alikuwa ameshakusanya karatasi zetu.

"Samahani, mwalimu. Hatukuibia. Kwetu shambani mwenzako akianza, lazima umwitikie. Tupe mtihani mwingine, mmoja mmoja."

"Nitaanza kumsikiliza mmoja mmoja mpaka lini? Mmoja atatosha." Akamnyooshea kidole besi. "Wewe, ubaoni. Chora, andika, eleza. Akishindwa, mmekwisha. Nikisikia hata mguno, mmekwisha."

Alikwenda taratibu kama anayevuka maji. Akachora moyo, akaanza kuandika njia ya damu. Alipofika mapafuni, akasimama. Chaki ilibaki hewani. Jibu lake lilikuwa mdomoni mwangu, nikajiuma mpaka nikasikia ladha ya damu, na humo ndani hakuna aliyekohoa. Kisha nikaona mabega yake yanapanda: alivuta pumzi, ile yetu ya kwaya, ya kujaza tumbo. Akaendelea kuandika bila kusita mpaka mwisho.

Mwalimu hakuridhika. Akamuuliza kwa nini ukuta wa chumba cha chini kushoto ni mnene kuliko kuta nyingine zote. Nikafumba macho. Hilo hatukuwa tumeliimba.

Besi aliutazama mchoro wake, akajibu kwa Kiswahili, kosa ambalo siku nyingine lingempa adhabu.

"Kwa sababu hicho ndicho cha besi, mwalimu. Vingine vinapeleka jirani tu. Hiki lazima kifikishe mpaka vidole vya miguu, kikichoka wote wamelala."

Mwalimu akachukua chaki, akaweka alama ya vema kubwa katikati ya ubao. Akaturudishia karatasi zetu.

"Malizieni mtihani. Kimya," alisema. "Na siku ya safari huyu akae mbele na dereva. Upepo wa juu ya lori utamharibu koo."

Kimya chenyewe hakikupatikana upesi. Wasichana tulipiga vigelegele, na mimi nililia hadharani, wala sikuona haya. Matokeo yalipobandikwa, hakuna mwanakwaya aliyefeli.

Morogoro tulikuwa wa kwanza. Tulirudi Ifakara tumesimama juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope, sauti zimekauka kwa kuimba njia nzima. Mtoto wa Masagati alikuwa kiti cha mbele, kombe mapajani, akiwapungia watu wa sokoni kama mbunge.