Maji ya Muosha Maiti

Muosha maiti wa Changamwe alikuwa na ada yake. Kabla ya kumgusa marehemu, aliteka maji kwa kiganja, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, ndipo akasema bismillahi. Tangu kiwanda cha ngozi kianze kumwaga dawa zake bondeni, maji ya kisima cha mtaani aliyanusa akayamwaga. Yaletwe mengine kutoka mbali, maiti na angoje! Ndiye aliyewapeleka majirani kwa wakili wakakishtaki kiwanda, na jina lake likatangulia kwenye hati ya mashtaka.

Kesi ikiwa ni kesho, Hamdun mwenye kisima alimjia. Meneja wa kiwanda, Mzungu, alikuwa amemwahidi unyapara kesi ikifutwa.

“Shikamoo, bibi. Tuiondoe kesi hii. Mzungu tutamshinda wapi, na mahakama ni yake? Na hayo maji, watu si wanayanywa?”

“Marahaba.” Alikuwa akikata sanda, na mkasi haukusita. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini anayosemea na wafiwa. “Hamdun, mamako nilimuosha kwa maji ya wapi?”

“Ya Miritini.”

“Nani aliyeyafuata?”

“Mimi, bibi.”

“Na kisima chako kilikuwa mlangoni?”

“Mlangoni, bibi.”

“Maiti ulimwonea imani, wanao ndio uwanyweshe?” Akakunja sanda, akailainisha kwa kidole gumba. “Kesho vaa kanzu safi. Shahidi wangu wa kwanza ni wewe.”