Macho Yangu Katika Mwezi wa Nane

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane, nasi tulikaa mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko, kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Ni siku zile Uhuru ulikuwa umekaribia na kwenye kila kibaraza watu wanabishana. Mimi nilikuwa nikishona kofia. Asubuhi moja nikainua sindano, nikaona matundu mawili. Nikapikicha macho. Vikatokea vimulimuli, vikacheza ukutani mchana kweupe.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda uani, nikarudi, nikaketi, nikasimama. Nikafumba jicho moja nikaitazama ndoo, nikafumba la pili nikaitazama tena.

"Wewe!" mavyaa akaniita.

"Abee."

"Mbona hutulii? Una nini?"

Nikamwambia. Akanipangusa macho kwa marashi ya mawaridi. "Ni hizo kofia tu. Lala, yatapoa."

Nililala, nikaamka na ukungu. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, na pua yake siioni.

Jirani yetu, mtu wa bara, mumewe akifanya kazi bandarini, alikuja kuomba moto. Akaitazama miguu yangu iliyovimba. "Na kichwa je?"

"Chanigonga tangu jana."

Akakiweka chini kigae chake cha moto, akamgeukia mavyaa. "Mama, shikamoo, nisamehe. Dada yangu alianza hivi hivi. Tukamwambia alale. Jioni akashikwa na kifafa cha uzazi. Tukawazika yeye na mtoto."

Nilidhani mavyaa atamfukuza, maana hakupenda watu waingilie mambo ya nyumba yake. Akachukua buibui lake, akanirushia langu. Hata mwanawe hakumngojea.

Feri ilikawia. Nilizunguka na tumbo langu pale kivukoni, mavyaa nyuma yangu amenishika nguo.

"Tulia, mwanangu."

"Siwezi, mama. Nikisimama naona giza laja."

Hospitalini nesi alinifunga kitambaa mkononi, akakijaza pumzi, akasoma kipimo, akarudia. Akamwita daktari mbio.

"Nitapofuka?" nikauliza.

"Macho yako hayana ugonjwa," daktari akasema. "Damu imepanda. Ungekawia, tungekupoteza."

Wakanilaza chumba chenye mapazia, nikipigwa sindano mchana na usiku. Siku ya tatu wakaanzisha uchungu. Nikazaa binti, mdogo mno, ila kilio chake kilijaza chumba. Wiki nzima nilimjua kwa vidole. Nilimuuliza mavyaa ana nyusi, ana kope, nikamuuliza tena hata akachoka. Kisha ukungu ukapungua, kidogo kidogo, na asubuhi moja nikaliona sikio lake, dogo, limekunjamana. Nikalia hata nesi akaja kuuliza nimepatwa na nini.

Tuliporudi nyumbani, mavyaa hakuingia kwanza. Alimpakata mtoto, akapiga hodi kwa yule jirani, akamwekea mikononi. "Huyu ni wako pia," akamwambia. Yule mwanamke akamshika, akageukia ukutani.