Salamu Niliyoikata kwa Ajili ya Roki

Harufu ya betri zilizopigwa na jua haijanitoka puani mpaka leo. Pale Isiolo, mwishoni mwa miaka ya sabini, betri haikutupwa ati kwa sababu imekufa. Iling'atwa kwa meno kwanza, kisha ikaanikwa juu ya bati ipate nguvu. Za Ekai tulizianika juu ya bati la jiko letu, na tukizingoja tulizunguka uani kama mbuzi walionusa maji. Ekai alikuwa jirani yetu, Mturkana, darasa moja nami, na kaka yake mwanajeshi alikuwa amemwachia redio ya kaseti na kanda ya roki. Kanda moja tu! Tuliisikiliza mpaka ikaanza kukoroma. Maneno hatukuyaelewa, lakini yale magitaa yalisema kilichokuwa kikinichoma kifuani: kwamba mji huu ni mdogo, na mimi nataka kwenda, sijui wapi, ila sasa hivi.

Akko, nyanya yangu mzaa baba, alikuja kutoka Leparua kukaa nasi wiki mbili. Alitega sikio kwenye spika, akasikiliza wimbo mzima kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. “Maskini,” akasema, “hawa wameibiwa ng'ombe?” Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakuwa anatania; kwake mtu mzima halii namna ile bure. Tangu siku hiyo, kila nikiwasha redio aliuliza kama ng'ombe wamepatikana. Kisha likabandikwa tangazo sokoni: Jumamosi saa kumi, ukumbini, filamu ya kuchekesha ya vijana wapenda roki, mara moja tu. Akko alikuwa akirudi kwake wiki hiyo. Kabla ya kupanda lori alinishika mkono, akaniambia, “Nenda ukaangalie. Halafu uje uniambie kama waliwapata.” Nikaahidi.

Jumamosi ikafika. Baba alikuwa mnadani, Mama kwa jirani, mimi nimeshavaa. Saa tisa unusu, Mzee Guyo wa Leparua akaingia uani na fimbo yake. Jamani! Kwetu Waborana mgeni hapokewi mbiombio. Mnaulizana amani ya watu, ya mifugo, ya malisho, ya njia, na jibu ni lile lile, nagaa, amani, hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe, iwe tamu au chungu, hutoka mwishoni, chai ikishanyweka. Hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini nje ya ua Ekai alikuwa akipiga mluzi, na mzee ndiyo kwanza amefika kwenye amani ya ndama. “Nagaa, Mzee, wote nagaa, chai iko kwenye birika, Mama anakuja,” nikamwaga yote kwa pumzi moja. Alinitazama kwa mshangao. “Wee msichana, bado hatujafika,” akasema. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, na sikugeuka.

Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi ya jeshi, joto la kukaanga mtu. Filamu ilikuwa ya vijana watatu wenye nywele ndefu, wanahangaika na gari bovu waiwahi bendi wanayoipenda, na kila mtu anawachelewesha: polisi, mama mzazi, tairi. Nilijiona mle ndani. Mara barabara ikazibwa na ng'ombe, ng'ombe kabisa, na wale vijana wakashuka kuwasukuma wakiwaimbia. Nilipiga kelele, nikamtandika Ekai mgongoni. “Akko lazima asikie hii!” Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nilirudi jua likizama, nikakuta ua mtupu na birika limepoa. Jirani ndiye aliyeniambia. Mzee Guyo alikuja kusema Akko amezidiwa, na ananiita mimi, kwa jina langu. Lori lilikuwa likingoja sokoni. Wazazi wangu waliniita kila uchochoro, mwisho wakaenda bila mimi. Nilifika Leparua kesho yake asubuhi, kwa lifti na kwa miguu, na sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Akko alikuwa ameshalazwa ardhini. Nilitamani Mzee Guyo anichape, lakini hakunigombeza hata kidogo. Alinisimamisha mbele yake, akaanza salamu upya: watu, mifugo, malisho, njia. Nikajibu moja baada ya nyingine, machozi yakinidondoka, nagaa, nagaa, mpaka akafika mwisho.

Leo binti yangu ana nyimbo za dunia nzima kwenye simu, na haaniki betri wala nini. Hufika katikati ya wimbo akautupa, akafuata mwingine. Mimi nikipiga simu huwaulizia jamaa zangu hadi mbuzi mmoja mmoja, mpaka salio liishe, na watoto wananicheka, wacheke tu. Waliosema maji yakimwagika hayazoleki walijua wanachosema. Hata hivyo roki bado naipenda, na magitaa yakianza, ile hamu ya kwenda nisikokujua hunirudia, mimi mtu mzima na magoti yanayouma. Basi nikiwa peke yangu hupunguza sauti, nikatimiza ahadi yangu. Waliwapata, Akko. Walikuwa katikati ya barabara, wengi, wamenona.