DNS Niliyoichagua na Arusi ya Mireille

Naona aibu kulisimulia hili hata leo, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa mke wangu, maana yeye huongeza chumvi na kuniiga hadi sauti: watu kumi na saba waliwahi kuniombea sebuleni kwangu mwenyewe, hapa ughaibuni, Molenbeek, niachane na picha chafu za kompyuta, na mimi nikaitikia amina, wakati picha hizo wala sikuwa nimezitazama.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia kwamba intaneti ya nyumbani ikijikokota, mara nyingi tatizo ni DNS. Hiyo DNS (nilikuwa nimeijua kwa dakika kumi tu, lakini tayari nilikuwa mwalimu) ni kama daftari la simu: unaandika jina la tovuti, yenyewe inakutafutia namba yake. Kampuni ya intaneti inakupa daftari lake, ila ukitaka unachagua la mwingine, bure. Nilipata huduma tatu. Moja ilijisifu kwa kasi, ya pili kwa usiri, ya tatu ilikuwa na picha ya familia inacheka kwenye kochi na ahadi ya kuzuia tovuti chafu, na mimi, baba wa watoto wawili, nikachagua kochi. Nikapandisha ukali wake hadi mwisho, nikaingiza zile namba kwenye boksi la intaneti, kurasa zikafunguka chapchap, nikajiona injinia. Mke wangu Solange sikumwambia, kwa sababu mara ya mwisho nilipolichokonoa boksi lile tulikaa wiki nzima bila simu wala televisheni.

Jumamosi iliyofuata mdogo wake, Mireille, alikuwa anaolewa Lubumbashi. Mama mkwe wangu, Maman Béatrice, alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga na daktari alimkatalia ndege, basi (nani mwingine?) nikajitolea: "Maman, utaiona yote kwetu, kwenye televisheni kubwa." Mpiga video wa kule alikuwa na tovuti yake ndogo ya kurushia arusi. Wageni wakaja na vitenge vya sare na sufuria za sombe, yaani kisamvu, Papa Pasteur, mchungaji wetu, akapewa kiti cha mbele, nikaunganisha kompyuta na televisheni, nikaandika anwani, nikabonyeza kwa mbwembwe.

Televisheni nzima ikawa nyekundu. Papa Pasteur akavaa miwani, akasoma polepole kwa sauti ya madhabahuni: "Site bloqué. Contenu pour adultes." Yaani tovuti imezuiwa, mambo yake ni ya watu wazima.

"Beau-fils," Maman Béatrice akaniita mkwewe, "mutoto wangu anaolewa, na mashini yako inasema ni mambo ya buchafu?"

"Maman, ni faute ya opérateur, ile kampuni ya intaneti, bon, kidogo tu itafunguka."

"Didier," Solange akaniita, "uligusa boksi?"

"Mi? Sikugusa kitu!"

Hapo ndipo nilipojizika. Kwa sababu kama sikugusa kitu, basi kompyuta yangu ilijifunza wapi tabia hizo? Nililiona swali likihama uso hadi uso. Nikazima boksi, nikaliwasha, wekundu ukarudi vilevile, na Papa Pasteur akainuka, akaniwekea mkono kichwani. "Ndugu Didier, usiogope. Banaume bengi banafungwa na hii kintu." Wakasimama wote kunizunguka. Ukweli ulikuwa sentensi moja tu, lakini Solange alikuwa amenikazia macho, nikaona amina ni rahisi zaidi. Maombi yalichukua robo saa, na robo saa hiyohiyo, kule Lubumbashi, Mireille alikuwa anaulizwa kama anakubali.

Aliyetuokoa ni Madame Lieve, jirani wa ghorofa ya juu, aliyeshuka kuuliza kama tumefiwa. Akatukaribisha kwake. Tukapanda ngazi na masufuria yetu, wanaume wanne tukiwa tumembeba Maman Béatrice kwenye kiti. Kwa Madame Lieve ukurasa ulifunguka papo hapo, na bibi arusi alikuwa anatoka kanisani, pete kidoleni.

"Oui yake, ile ndiyo ya mutoto wangu, sikuisikia," Maman Béatrice akasema, machozi yakimtoka.

Nikashindwa kuvumilia. Nikakiri mbele ya wote, pamoja na paka wa Madame Lieve: nilibadilisha DNS, na kichujio chake kiliona arusi kikadhani ni uchafu. Nikaeleza habari ya daftari la simu, hakuna aliyeielewa.

"Donc tuliomba bure?" Papa Pasteur akauliza.

"Hapana, Papa," Solange akajibu. "Sasa tumuombee huo bongo wake."

Jioni Mireille alipiga simu, muziki ukivuma nyuma yake, nikaomba niongee naye kwanza, nikamwambia kosa ni langu. Alicheka sana, kisha akaniagiza nimpe mama yake. "Maman, sikia," akasema. "Oui."

Maman Béatrice akafumba macho. "Sema tena."

Akasema tena.

Kesho yake nilirudisha daftari la kampuni, Solange akiwa amesimama mgongoni kwangu. Na tangu siku ile, nikigusa chochote nyumbani, hata balbu, natangaza mwenyewe kabla sijaulizwa.