Barabara Isiyo na Rangi

Kaka yangu anahesabu magari. Ndiyo kazi yake huko Riyadh: kampuni humweka kwenye makutano, akahesabu yanayopita na kupima yanavyosubiri kwenye taa, kisha wakubwa wake wakaipa barabara alama, A mpaka F, kama mtihani.

"Kumbe miye na barabara ya uwanja wa ndege tulisoma darasa moja," nilimwambia kwenye simu. "Sote tuna D."

"Weye ulipata D? Mama alituambia C."

Mama, aliyekuwa amekaa kando yangu akichambua mchele, akajifanya hasikii.

Kaka akanieleza kuwa barabara nazo zina vyeo: kuna kubwa za kupita, za kati za kukusanya magari, na ndogo za kukufikisha mlangoni. Nikamwuliza yetu ya hapa Karantina, Jeddah, ina alama gani.

"Haina. Haijapimwa."

"Basi ni shwari."

"Mwari," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa kutotoka kwangu ndani, "mwanafunzi asiyefanya mtihani hakufaulu."

Nikacheka, nikasahau.

Mimi hutoka kwa harusi na kwa hospitali tu. Lakini nina simu yenye ramani, kwa hiyo ukoo wote umenifanya askari wa barabarani, askari wa kwenye godoro. Hupiga na kuuliza, "Kuna zahama?" Waarabu wakisema zahma wana maana ya msongamano wa magari tu. Sisi kwenye neno letu tumetia na balaa zote nyingine. Nami, nikiona ramani haina wekundu, hujibu, "Mafi," hakuna, kama mtu aliyekwenda akaona.

Mama alifariki kabla ya alfajiri. Kaka akaswali, akatoka Manfuha, mtaa wake huko Riyadh, na gari lake. Maziko yalikuwa baada ya Alasiri, na aliomba jambo moja tu: "Mwambieni mjomba, miye ndiye nitakayeshuka kaburini kumpokea."

Alipoingia Jeddah akanipigia. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, nikajibana jikoni. Barabara kubwa ilikuwa nyekundu tupu. Nyuma yake kulikuwa na njia ndogo inayotokea msikitini, nyeupe, haina hata doa.

"Kuna zahama?"

"Kubwa usiiguse. Pita ya ndani, mafi zahama."

"Una hakika?"

"Nyeupe kabisa."

Hakubisha. Mtu anayehesabu magari kwa mshahara akanisikiliza miye, mwenye D.

Njia ile ilikuwa nyeupe kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima. Lori la maji lilikuwa limesimama katikati na mpira wake kwenye tangi la nyumba, magari yameegeshwa pande zote mbili, na nyuma ya kaka mengine yameshamfunga. Nilisikia honi, nikasikia adhana, halafu mlango wa gari lake ukibamizwa. Akaenda kwa miguu, mbio. Jeneza lilikuwa limeshapelekwa makaburini. Alipofika walikuwa wanasawazisha mchanga. Mjomba alikuwa ameshashuka na kupanda.

Jioni alikuja na vumbi mpaka magotini. Nikampa chai.

"Tangawizi imezidi," akasema.

Mjomba akamwuliza nini kilimchelewesha.

"Njia," akajibu. "Zahama." Hakunitazama. Afadhali angenitukana mbele ya watu wote, ningejua nimelipia kiasi gani.

Hajalitaja mpaka leo. Na bado, kila akija Jeddah, hunipigia mimi, na swali ni lile lile. Nami huvaa baibui, nikateremka ngazi na magoti yangu haya, nikasimama kwenye kona muuza mboga akinishangaa.

"Ipo," namwambia.

"Rangi gani, mwari?"

"Sioni rangi. Naona lori la maji."

"Haya. Rudi ndani, jua kali."

Sirudi mpaka nimwone anakunja kona.