Senti Kumi ya Mama Mkubwa

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu kiwandani ilikuwa kupiga namba kwenye vibati. Kila mchuma chai alikuwa na kibati chake cha shaba, alikifunga kwenye kapu ili karani ajue majani ni ya nani. Nilikuwa na sanduku la vyuma vifupi, kila kimoja na herufi au namba kichwani. Unakisimamisha juu ya kibati, unagonga nyundo mara moja, basi. Ukirudia kugonga na mkono ukateleza, namba inajipanda yenyewe, kingo zinaonekana mbilimbili. Na chuma chenyewe kikimeguka, kila kibati utakachopiga tangu siku hiyo kitatoka na kilema kilekile. Nane yetu ilimeguka tumbo, na watu walitembea shambani na nane iliyopasuka mpaka siku kiwanda kilipouzwa.

Kilipouzwa, tulipunguzwa. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Nikaanza kuuza maandazi Msasani ya kwetu Tukuyu, karibu na stendi, chini ya turubai ambalo mvua ilikuwa haijui kuliheshimu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na kila kitu kilikuwa na mnunuzi. Watu walinunua chupa tupu, vyuma chakavu, saa za ukutani zilizokufa. Akaja mwingine, mwanamume wa makamo kutoka Dar es Salaam, akapanga chumba katika nyumba ya wageni na kutangaza kwamba ananunua hela za zamani. Alizitaka hasa senti kumi za mkoloni, zile za tundu katikati, zenye herufi H ndogo iliyoonyesha zilikopigwa. Habari ikaenea kwamba akiona H isiyo na mkono mmoja wa juu, inayofanana na h ya mwanafunzi wa darasa la kwanza, anatoa bei mara nyingi zaidi.

Nilikuwa na moja ya marehemu babu. Nikampelekea. Aliiweka chini ya lenzi kama ya fundi saa, akafurahi, akasema hiyo ni aina adimu, kalibu yake, yaani chuma kilichoipiga sura, ilichongwa peke yake. Nikaomba na mimi nichungulie. Mkono wa H ulikuwa umekatika kwa mshazari, na palipokatika palikuwa laini. Nikamwomba zile nyingine alizonunua. Zote zilikatika palepale, kwa mshazari uleule, ingawa kwenye nyingine herufi ilikaa karibu zaidi na tundu na kwenye nyingine mbali.

Nikamwambia hiyo si aina. Kalibu zilikuwa nyingi, lakini chuma cha kupigia herufi kwenye kalibu hizo kilikuwa kimoja, na kilimeguka. Nikamweleza habari za nane yetu. Akanunua maandazi yangu yote na kuniuliza kama nataka kazi.

Basi nikawa jicho lake. Nilikaa mezani kwake na lenzi, watu wakaja na vitambaa vyao vilivyofungwa fundo. Kitu alichokitafuta sasa ni H iliyopigwa mara mbili katika kalibu yenyewe: mara ya kwanza imepinda, kisha ikasahihishwa kwa juu, na ile ya chini ikabaki ikichungulia. Hiyo ndiyo ilikuwa mali. Kazi yangu ilikuwa kuitofautisha na mikwaruzo, na kutu, na ile ya mkono uliomeguka. Wengi walirudi nyumbani wakinilaani. Sikujali, kwa kuwa nilikuwa nasema kweli, na mwisho wa wiki nilikuwa na sukari ndani ya nyumba. Alikuwa ameniahidi kwamba akifungua duka Mbeya, nitafanya kazi humo.

Mama mkubwa alikuja siku ya mvua. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Migomba ya kijijini kwake Mpuguso ilinilisha na kunisomesha kwa mikono yake. Alikuwa ameanguka kwenye tope shambani, goti limevimba, na alitaka kwenda Mbeya kulionyesha. Siku hizo matibabu ya bure yalikuwa yamekwisha. Alinisalimu, "Ugonile, mwanangu," akakaa, akanyoosha mguu, akafungua pindo la khanga. Zilikuwa senti kumi mbili za marehemu mumewe.

Ya kwanza ilikuwa ya mkono uliomeguka. Nikamwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa.

Ya pili nilipoiweka chini ya lenzi, niliinama karibu zaidi. Chini ya H kulikuwa na H nyingine, imelala kidogo upande wa kushoto, kingo zake zimeinuka safi. Haikuwa mkwaruzo, maana mkwaruzo huzama ndani na hii ilikuwa imesimama juu. Kwa miezi yote ile nilikuwa sijawahi kuiona.

Nikainua macho kumtazama bosi. Naye alikuwa ameshaiona usoni mwangu. Akaichukua, akaitazama, akairudisha mezani taratibu.

"Na hiyo ni chuma kilichomeguka," akasema. "Sivyo, dada?"

Nikasema, "Ndivyo."

Mama mkubwa alinitazama. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayejua, mwanangu," akaziuza zote mbili kwa bei ya kawaida. Alichopewa hakikumfikisha Mbeya. Alinunua dawa ya kuchua, akarudi Mpuguso.

Wiki mbili baadaye chumba kile kilikuwa kitupu. Mwenye nyumba ya wageni alinieleza kwamba mgeni ameondoka alfajiri na hakuacha ujumbe kwa mtu yeyote. Duka la Mbeya sijaliona mpaka leo. Nikarudi chini ya turubai langu.

Goti la mama mkubwa lilikauka likiwa limekunjwa. Nilimtazama akichechemea kwa fimbo msimu mzima kabla sijapata ujasiri. Nikaenda Jumapili baada ya ibada, nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwambia sarafu ile ilikuwa ya kweli na mimi nilijua.

Aliendelea kumenya ndizi. Aliponijibu hakuinua sauti.

"Nilijua siku ileile. Ulimtazama yeye kabla hujanitazama mimi. Lakini ningekubishia mbele ya mgeni, ningekuwa nimekuvua nguo. Nikaona bora niuze."

Nikalia. Yeye hakulia. Aliniambia niongeze kuni, chakula kisichelewe.

Aliishi miaka sita zaidi. Nilimtekea maji, nilimpalilia, nilimpelekea sabuni na chumvi, na kila mara alinishukuru vizuri, "Ndaga, mwanangu." Hakunisema kwa mtu yeyote wa ukoo. Ila mama mkubwa hakujua kusoma, na tangu utoto wangu mimi ndiye niliyemsomea barua za mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali. Baada ya sarafu ile, barua zikija, hata nikiwa nimeketi papo hapo karibu naye, alikuwa akiichukua fimbo yake na kuchechemea mpaka kwa mke wa mwinjilisti, ng'ambo ya kijito, akasomewe huko.