Kata Niliyoiosha

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile uso unaniwaka. Mimi, binti wa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, wa Kibosho, nilikwenda kufundishwa kupika pombe na Wazungu wenye ndevu kwenye gereji moja huku ughaibuni, Blacktown!

Nilijiunga na chama chao cha wapika bia wa nyumbani kwa sababu ya upweke wa Jumapili, nikanogewa. Nikanunua ndoo yenye mfuniko wa kupumulia, kipimajoto, mirija, na ile dawa ya kuua vijidudu wanayoiabudu. Kwao, usipoosha kila chombo mara mbili, hujapika. Nami nikawa mlokole wa usafi, kijiko kikianguka nakikemea kama pepo.

Kisha mama akaja kutoka Moshi kunitembelea. Sandukuni alikuwa na kata yake ya kibuyu, nyeusi ndani, nayo aliwaonyesha maofisa wa uwanja wa ndege bila woga. Waliigeuzageuza, wakaichungulia, wakamrudishia. Nilishangaa, maana watu wale hawakuachii hata chungwa.

Akasema atapika mbege ili wenzangu wa chama waonje kitu cha watu wazima. Tukachemsha ndizi mbivu, tukaziacha zipoe ndooni.

"Kesho nikitoka kanisani nitazikoroga kwa kata," akasema.

Kesho yake, alipokuwa kanisani, niliitazama ile kata. Ukoko mtupu, na harufu kali. Nikaona aibu, ningewaeleza nini wale wa chama? Nikaisugua kwa brashi, nikaimwagia maji ya moto, nikailoweka kwenye dawa mpaka ikawa nyeupe. Nikaianika huku najisifu.

Mama alirudi, akaichukua, akainusa. Akakaa kwenye stuli ya jikoni na gauni lake la kanisani, akapitisha kidole ndani ya kata, akakitazama.

"Mwanangu, umeiosha?"

"Ilikuwa chafu, mama."

"Huo ukoko ndio unaochachusha. Bibi yako hakuiosha. Mimi sikuiosha."

Kule chamani tunabishana juu ya hamira za Ubelgiji kana kwamba tunataja nasaba za wafalme, na mimi sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba mama naye ana yake. Maofisa wameipitisha, nimeiua mimi! Nikamwambia tutie hamira ya pakiti, nani atajua? Akainuka na kata yake. Akazikoroga ndizi zake vilevile. Siku ya tatu zilikuwa zimetulia tu, hata povu hakuna.

Mama alifunika ndoo, akanawa mikono taratibu.

"Kata hii nilikuja kukuachia wewe," akasema. "Mimi mikono imechoka."

Nililia kama mtoto. Yeye akawa anaangalia kuta za sebule yangu, moja baada ya nyingine.

"Lete msumari tuitundike. Imeshakuwa pambo."

Nikaenda kutafuta nyundo.